M-Pesa na mipaka ya kumjua mteja

Wanaofundisha biashara katika ukanda wetu hupenda kuitaja M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, kuwa ushahidi kwamba kampuni inayoujua utamaduni wa wateja wake hufanikiwa. Ushahidi huo upo na una uzito, lakini naona husomwa nusu.

Majaribio yalipoanza nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2005, huduma hiyo ilikusudiwa wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, ili warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaigeuza kwa mahitaji yao. Waliosafiri waliweka fedha kwa wakala mmoja na kuzitoa kwa mwingine mwisho wa safari, wasibebe noti njiani. Wengine waliyahifadhi humo mauzo ya siku, benki zikiwa zimekwisha kufungwa. Wengine waliwatumia ndugu zao mashambani muda wa maongezi. Faulu nayo iligundua kwamba anayelipa kwa simu hana tena haja kubwa ya kuhudhuria mkutano wa kikundi, ilhali ni katika mikutano hiyo ndipo wanachama walipodhaminiana na kuhimizana kulipa. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na tangazo likabeba wito mmoja tu, wa kutuma pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi mwenye wazazi Siaya au Machakos hakuhitaji kufafanuliwa, kwa kuwa alikuwa akituma tayari kupitia posta, kwa kondakta wa basi au kwa jamaa anayesafiri, na hasara za njia hizo alizijua.

Hata hivyo, desturi ya kutuma nyumbani si ya Wakenya peke yao. Wafanyakazi wa Johannesburg na wa migodini wamekuwa wakizitumia fedha familia zao za Rasi ya Mashariki na Limpopo kwa vizazi kadhaa, na bado M-Pesa ya kampuni ya simu ya Vodacom, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010 kwa ushirikiano na benki ya Nedbank ikilenga wateja milioni 10, ilifungwa Juni 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Afrika Kusini benki na mashine za kutolea fedha zilikuwa zimeenea, na maduka makubwa yalikuwa yakipokea na kulipa fedha kwa ada nafuu. Kenya, kinyume chake, Safaricom ilikuwa na zaidi ya nusu ya wateja wote wa simu, na Benki Kuu iliiruhusu ianze bila kusubiri sheria mpya. Desturi ilikuwa ile ile. Mazingira ndiyo yaliyotofautiana.

Hoja ya wanaoshuku kwamba kuujua utamaduni wa wateja ndiko huleta mafanikio hupata nguvu zaidi tukiitazama M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa iliyoanzishwa Novemba 2012. Mkopo wake ulitozwa ada ambayo Waislamu wengi wa Mombasa, Lamu na Garissa waliihesabu kuwa riba, wakajiepusha nayo, na ilipofika mwaka 2022 ndipo Safaricom na Gulf African Bank walipotoa Halal Pesa, inayofuata sharia ya Kiislamu. Katika miaka hiyo 10 huduma ya awali iliendelea kukua. Inaniuma kulisema hili, lakini kampuni yenye nguvu sokoni inaweza kuipuuza imani ya mamilioni ya watu na isifilisike.

Kwa hiyo sikubali kwamba kumjua mteja huleta faida kwa nguvu zake pekee. Naona uzito wake hupimwa kwa kile ambacho kampuni iko tayari kukiacha baada ya kujua: mwaka 2007 wahusika waliuacha mpango wa kurejesha mikopo kwa simu waliokwisha kuugharamia, na uamuzi huo ulihitaji ujasiri kuliko utafiti wenyewe. Nao wanaosema kwamba ukubwa wa kampuni sokoni unatosha wanasahau kuwa wafanyabiashara wetu wengi hawana ukubwa huo. Mkopeshaji mdogo wa Lamu anayewatoza majirani zake riba hapewi miaka 10 ya kujirekebisha, kwa sababu wateja anaowapoteza leo ndio karibu wateja wote alio nao.