Fundi wa Mageti na Kadi Yangu ya Grafiki

Mpwa wangu Salim akicheza mpira kwenye kompyuta yangu, shuti linapigwa Jumatatu, wavu unatikisika Jumatano. Kipa ana muda wa kwenda kunywa kahawa tungu na kurudi kudaka.

Kompyuta yenyewe ni ya ofisi, zile ndogo za kulala mezani zinazoletwa na makontena zikiwa zimeshatumika Ulaya: prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5-3470, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni gigabaiti 4 kwenye kipande kimoja, na picha zote huchorwa na Intel HD 2500 iliyomo humo humo ndani ya prosesa. Chipu hiyo haina kumbukumbu yake, hukopa RAM ya kompyuta. RAM ikiwa kipande kimoja, mkopo unapita njia moja, mfano wa magari yote ya daraja la Nyali kusukumwa kwenye leni moja asubuhi. Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza kipande cha pili cha RAM ya aina ya DDR3, gigabaiti 4 kama mwenzake, njia ziwe mbili. Nililijua hilo. Lakini RAM haina feni, na Salim alitaka kitu chenye feni.

Kwenye kibanda kimoja mjini nikaonyeshwa kadi ya grafiki, ya kuchora picha yenyewe kwa kumbukumbu yake: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4, shilingi 4,500. "Kaka, huyu ni mnyama," akaniambia muuzaji, akaifuta vumbi kwa shati lake. Nikaigeuza. Ina feni mbili. Na ina soketi ya VGA, ile ya buluu yenye matundu 15! Skrini yangu ni kuukuu, haijui waya mwingine ila huo. Nikaona nyota yangu leo imewaka, nikalipa bila hata kuomba nipunguziwe.

Nyumbani Kibokoni nikachukua rula. Bati la kushikilia kadi lina urefu wa sentimita 12. Kasha la kompyuta yangu linataka kadi fupi, yenye bati la sentimita 8. Nikapima baada ya kununua, sawa na anayeuliza jina la bibi harusi kadhi akishaondoka.

Sikukata tamaa. Nikafungua skrubu mbili, bati likatoka, kadi ikaingia kwenye sloti. Ila kwa juu ilichomoza sentimita 4 nje ya kasha, utadhani pezi la papa.

"Mjomba, tukate kifuniko," akasema Salim. Mtoto wa miaka 13, nami nikamfuata.

Fundi welda wa Majengo alikipokea kifuniko, akakigonga kwa ukucha. "Geti la wapi hili?"

"Si geti, ni kifuniko cha kompyuta. Nataka tundu, sentimita 22 kwa 5."

"Na mwizi je?"

Nilimwambia mwizi hapiti kwenye sentimita 5. Akanitazama kama mtu aliyewaona wengi wakisema hivyo. Niliporudi kutoka kununua viazi karai, alikuwa ameshakata tundu kwa grainda na kuchomelea juu yake nundu ya wavu wa chuma, safi, pembe zote zimelainishwa. "Mia tatu," akasema. "Wavu ni zawadi."

Sasa umeme. Sloti ya kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huwa na soketi yake ya ziada, na yangu ilikuwa na ya pini 6, ya kuongeza wati 75 nyingine. Pawasaplai yangu imeandikwa wati 240 na haina waya wa pini 6 hata mmoja. Nikanunua kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski umeme. Hesabu yake ningeweza kuifanya kwa vidole: plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja hubeba ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Unaiomba wati 75. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika viazi karai.

Nikafunika kifuniko, nikakipiga ngumi kikae, nikawasha. Feni zikazunguka nusu duara, zikafa. Taa ya mbele ikawaka rangi ya machungwa, ikakodoa.

Ule unga wa chuma wa grainda! Sikuufuta. Ngumi yangu iliuangusha wote ndani, na unga wa chuma unapitisha umeme: ukikaa baina ya pini mbili, umeshaweka daraja ambalo hakuna aliyeliomba. Pawasaplai ikaona hatari, ikajizima, nayo ilikuwa na akili kuliko sisi sote chumbani. Tulichomoa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha tukachomoa kadi na RAM. Unga mwingine ulikuwa umeota ndevu kwenye kitovu cha feni, kwa sababu ndani ya mota mna sumaku. Selotepu ilitoa mwingi, mswaki mkavu ukamalizia. Mswaki ulikuwa wa Salim. Alijua siku ya pili.

Ikawaka. Windows ikasoma: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Salim akapiga vigelegele, bibi yake akauliza jikoni nani kaolewa. Mpira ukaanza. Dakika ya nane skrini ikajaa mistari ya zambarau, mwamuzi akagawanyika vipande viwili, kila kipande na filimbi yake. Kisha kimya.

Hapo ndipo nikapakua GPU-Z, programu ya bure ambayo ningeiomba muuzaji aifungue mbele yangu kibandani kabla ya kutoa pochi. Windows huamini jina inaloambiwa. GPU-Z inaichungulia chipu yenyewe, na tangu 2018 hubandika neno FAKE mbele ya jina la kadi bandia. Langu lilibandikwa. 1050 Ti ya kweli ina viini 768 vya kufanyia hesabu. Yangu ilikuwa na 192. Ilikuwa GTX 550 Ti ya mwaka 2011, imebadilishwa jina ndani ya BIOS yake, programu ndogo iliyomo ndani ya kadi. Kumbukumbu ya kweli ilikuwa gigabaiti 1, na mchezo ulipotaka kuandika kwenye ya pili ukakuta hakuna kitu. Kadi na Salim ni rika moja, ila Salim bado anakua.

Na ile soketi ya VGA niliyoifurahia? Ndiyo iliyokuwa ushahidi. Familia ya 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Kadi ya jina hilo ukiiona na soketi ya buluu, iache pale pale. Skrini ya zamani utaiunganisha kwa adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA.

Nilikuwa bado namsimulia Salim hayo aliponusa. "Mjomba, kuna kitu kinakaangwa?" Ilikuwa plagi ya SATA. 550 Ti hula hadi wati 116, na plastiki nyeupe ilikuwa imeshageuka kahawia, inanata. Nikachomoa waya wa ukutani kwa kasi ambayo sijawahi kuionyesha uwanjani.

Simu ya muuzaji haikupatikana, wala haijapatikana.

Mwezi uliofuata nikanunua ile RAM, na GT 1030 fupi yenye bati la sentimita 8. Inakula wati 30, haitaki waya wa ziada. Nilisoma boksi mara tatu, maana 1030 ziko mbili: ya GDDR5 na ya DDR4, jina moja, na ya DDR4 kumbukumbu yake inakwenda polepole mno. Nikachukua ya GDDR5. Ikaingia kimya kimya, skrubu moja. Shuti na wavu vikawa siku moja.

Nikatafuta kifuniko nifunike. Nikakikuta jikoni, kimeoshwa, kimefunika sinia la mahamri ya kuuza.

"Mama, hicho ni cha kompyuta."

"Hiki? Hiki ni kawa. Tazama, mvuke watokea juu hapa kwenye nundu, hamri halitoi jasho. Kunguru naye adonoa chuma arudi kwao." Akanipa kawa yake ya zamani ya ukindu. "Funika kwa hii."

Basi kompyuta yangu inakaa chini ya kawa. Tukicheza tunaifunua ipumue. Juzi ami alitutembelea. Aliiona mezani, akainuka akanawa mikono, akaketi, akasema bismillahi, akafunua.