Sarafu mtandao, barafu na umeme wa ziwani

Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa sarafu mtandao, yaani fedha za kidijitali kama Bitcoin na Ethereum. Vijiweni bado tunabishana kuhusu faida na utapeli. Suala la umeme unaotumiwa na sarafu hizo hutajwa kwa nadra, na likitajwa, zote hutiwa kapu moja.

Bitcoin hutegemea mashine zinazoshindana kubahatisha namba usiku na mchana, ili takriban kila dakika kumi mmoja apate haki ya kuongeza ukurasa kwenye daftari la malipo, huku umeme wa walioshindwa ukiwa umeshateketea. Kwa mwaka, mashindano hayo hula umeme mara kadhaa ya ule unaozalishwa Tanzania nzima. Mashine zenyewe hazina kazi nyingine, hivyo zikipitwa na wakati huwa taka. Ethereum, inakosajiliwa sehemu kubwa ya picha za kidijitali zinazouzwa kama mali adimu, iliachana na utaratibu huo Septemba 2022, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kumlaumu leo mchoraji anayeuza kazi zake huko ni kumwonea (mimi binafsi picha hizo sizinunui, lakini hilo ni suala la ladha).

Watetezi wa Bitcoin nao wana hoja nzito. Huko Zengamina, Zambia, mtambo mdogo wa umeme wa maji uliokosa wateja wa kutosha uliwekewa mashine hizo, zikanunua umeme ambao ungepotea.

Ikivushwa hadi visiwani kwetu Ziwa Victoria, hoja hiyo inapungua nguvu. Gridi ndogo ya jua, yaani mtandao wa umeme wa jua wa kijiji au kisiwa, huwa na ziada saa za mchana, lakini mvuvi wa sangara asiye na barafu hulazimika kumuuzia wakala kwa bei yoyote kabla samaki hawajalegea, na ziada hiyohiyo ingeweza kugandisha maji. Ni kweli kwamba mtambo wa barafu unadai mtaji, maji safi na wateja wa uhakika, wakati mashine ya sarafu hutosheka na intaneti na huzimwa papo hapo wingu likitanda. Mwenye gridi akiichagua, simshangai. Ila ningependa mkataba wake useme wazi kwamba siku mteja wa barafu akitokea, mashine za sarafu ndizo zitakazozimwa, hata kama wiki hiyo bei ya Bitcoin imepanda.