Sampuli 300 safi zinathibitisha nini?

Tangazo likitoka kwamba sampuli 300 za nyama zimepimwa na hakuna hata moja yenye mabaki ya dawa za mifugo kupita kiwango kinachoruhusiwa, walaji hushusha pumzi. Ni mapema mno. Ikiwa mnyama mmoja katika kila 100 amezidisha kiwango, uwezekano wa kuchukua sampuli 300 kwa nasibu na kuwakosa wote hauzidi asilimia 5. Ndiyo maana namba hiyo inapendwa. Ila wakiwa mmoja katika 1,000, sampuli hizohizo zitatoka safi karibu mara tatu katika kila nne. Kuwanasa kwa uhakika uleule wa asilimia 95 kunadai sampuli zipatazo 3,000, na gharama za maabara tunazijua.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mnyama ameteuliwa peke yake. Wakishushwa 30 kutoka lori la mfugaji mmoja, waliotibiwa kwa dawa ileile wiki ileile, hizo ni sampuli 30 kwenye karatasi tu.

Hapo watetezi wa sampuli lengwa, yaani zinazochukuliwa kwa wanyama wanaotiliwa shaka badala ya kwa nasibu, wana hoja. Mkaguzi machinjioni anamwona ng'ombe wa maziwa aliyeondolewa kundini: kiwele kimevimba upande mmoja, shingoni kuna alama ya sindano. Huenda alitibiwa juzi na muda wa kusubiri dawa itoke mwilini kabla ya kuchinjwa haujaisha. Anakata kipande cha figo, kwa kuwa antibiotiki nyingi hujikusanya humo kuliko kwenye msuli. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1996 liliegemea njia hii. Marekani hutumia njia zote mbili: sampuli za ratiba, zinazochukuliwa kwa nasibu, na za mkaguzi anayeshuku.

Lakini jicho nalo hudanganyika. Mfugaji anayetumia dawa ya klenbuteroli kukuza misuli huleta mnyama aliyejaa misuli, wa kupendeza, na mkaguzi anayetafuta wagonjwa atampitisha. Pia matokeo ya sampuli lengwa hayasemi kitu kuhusu nyama yote sokoni: ukiwapima washukiwa, asilimia ya wenye makosa lazima ipande. Nchi inayowinda kwa bidii itaonekana chafu kuliko iliyolala.

Ningekuwa na fedha za sampuli 300 tu, 200 ningempa mkaguzi na 100 ningeziacha kwa nasibu, kisha matokeo yachapwe katika safu mbili zisizojumlishwa.