Sheria Zisizo na Rufaa

Jamani, sheria nyingine zina mlango wa nyuma. Unazungumza, unabembeleza, unapewa onyo unaenda zako. Lakini hizi tatu za mwendo alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687 hazina wakili, hazina rufaa, na mshtakiwa wa kudumu ni mimi.

Ya kwanza inasema kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kilicho mwendoni kitaendelea kwa kasi ileile kwa mstari ulionyooka, mpaka kani ya nje, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, iingilie kati. Maana yake mwili huu ukishalala, una haki ya kuendelea kulala. Mke wangu haitambui haki hiyo. Analivuta shuka kwa ghafla, shuka linaondoka, mimi nabaki palepale kitandani. Hapo sheria imetimia kama ilivyoandikwa, lakini nenda kamweleze yeye.

Balaa lenyewe liko kwenye basi. Umekosa kiti, umesimama katikati, bomba la kushikilia limeshikwa na wenzako. Dereva anakanyaga breki. Basi limesimama, nyayo zangu nazo zimesimama kwa sababu ya msuguano na sakafu, ila kuanzia kiunoni kwenda juu taarifa haijafika. Kiwiliwili kinaendelea na safari, kinaishia mapajani kwa mzee mwenye mkoba. Ananitazama kama nimetumwa. Nami wa kumlaumu simpati, maana hakuna aliyenisukuma! Naomba radhi, nasimama, najipanga, dereva anaondoa gari kwa fujo, narudi kinyumenyume kwa mama wa nyuma. Ikija kona, namgandamiza jirani dirishani. Anasema namsukuma. Mimi nilikuwa naenda zangu moja kwa moja, mzee; basi ndilo lililokata kona.

Tena huyo dereva anayewahi taa haijui hesabu. Ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa kama mara nne. Ndiyo maana waliokaa wanaambiwa wafunge mikanda. Tuliosimama tunafungwa na Mungu.

Ya pili sitaichambua, inagusa tumbo. Inasema kani ni ileile, mzigo ukiwa mara mbili, kuongezeka kwa kasi kunakuwa nusu. Miguu ni ileile niliyopandia ngazi ujanani. Tuishie hapo.

Sasa ya tatu: ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa pili. Wanaosifu haki na usawa wangeijaribu hii kwa kidole kidogo cha mguu, usiku, taa imezimwa. Kidole kikipiga mguu wa kitanda, kani iliyokipata kitanda na iliyokipata kidole hazizidiani hata kidogo. Usawa kamili! Lakini kitanda kimekaa kimya, na aliyeruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni akiita majina ya marehemu ni mmoja tu.

Na kabati je? Niliambiwa nilisogeze kutoka ukuta huu kwenda ule. Nimevaa soksi, sakafu ya vigae. Nalisukuma, nalo linanisukuma. Kani sawa, ila lenyewe msuguano na sakafu limeushika vizuri, mimi na soksi zangu sina pa kushikia. Narudi nyuma taratibu huku mikono imenyooka, kabati linanitazama. Akaja shemeji, mwembamba, kifua hana, akalisogeza. Wote nyumbani wakamshangilia. Hakuna aliyeangalia viatu vyake vyenye soli za mpira.

Nikavua soksi, nikasema niachieni. Nikakaza, halikwenda. Nikakaza zaidi, likachomoka kwa mkupuo nami nikalifuata kwa paji la uso. Kumbe msuguano wa kitu kilichogoma kuondoka ni mkubwa kuliko wa kitu kinachoteleza. Likishaanza, sehemu ya ile nguvu uliyojikusanyia inakuwa ya ziada, na ya ziada ndiyo inayokupeleka.

Na haya yote yangebaki kwenye makaratasi ya Newton kama si rafiki yake, Edmond Halley. Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi, iliyotakiwa kukichapa kitabu chenye sheria hizi ilikuwa imemaliza fedha kwa kuchapa kitabu kikubwa cha samaki. Samaki! Halley akatoa za mfukoni. Mtu una fedha zako, umetulia, nani kakutuma? Najua, hata bila kitabu ningeanguka tu kwenye basi. Lakini angalau ningeanguka bila kuelezewa sababu.

Kabati limefika ukuta wa pili. Mke wangu kalizunguka, kalitazama, kasema lilikuwa linapendeza kulekule. Shemeji keshaondoka, na viatu vyake.