Pogačar, Chepng'etich na mizani mbili za shabiki wa Nairobi

Julai 14, 2024, katika mbio za baiskeli za Tour de France, Mslovenia Tadej Pogačar aliupanda Plateau de Beille, mlima wa karibu kilomita 16 kwenye safu ya Pyrenees, kwa muda usiofika dakika 40. Rekodi aliyoifuta ilikuwa ya mwendesha baiskeli Marco Pantani, imekaa tangu 1998, na aliifuta kwa zaidi ya dakika tatu. Mpinzani wake Jonas Vingegaard, aliyeachwa nyuma kwa dakika moja na sekunde 8, naye pia aliipita. Kuhusu Pantani hakuna la kubahatisha tena: mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilionyesha kwamba sampuli zake za 1998, zilipopimwa upya, zilikutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu.

Tangu siku hiyo wapenzi wa baiskeli wa Nairobi, wale wanaoteremkia Kiserian wikendi na kukaa kwenye chai kabla ya kurudi mjini, wanavutana. Wamoja wanauliza: ikiwa aliyetumia pufya alichukua dakika 43, huyu wa dakika 39 amekula nini? Wengine wanajibu kwamba huo ni wivu tu, mwenye ushahidi aulete.

Wenye shaka si watu wa kupuuzwa. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong alitamba miaka yote akisema amepimwa na kupimwa na hajanaswa. Mataji yake saba ya Tour de France, ya 1999 hadi 2005, yalifutwa mwaka 2012, na kilichomwangusha ni uchunguzi wa shirika la Marekani la kupambana na pufya, USADA, pamoja na ushahidi wa kiapo wa waliokuwa wenzake katika timu. Kwa hiyo anayemtetea Pogačar kwa kusema tu kwamba vipimo vyake ni safi anatumia hoja iliyokwisha kuvunjika hadharani. Mauro Gianetti, bosi wa timu ya Pogačar, ndiye aliyekuwa akiiongoza timu ya Saunier Duval mwaka 2008 wakati mwendeshaji wake Riccardo Riccò aliponaswa na CERA, aina ya EPO, ndani ya Tour. Hilo halimtii Pogačar hatiani, lakini anayelitaja hajalizua. Kisha kuna suala la kaboni monoksidi. Baadhi ya timu, ikiwemo ya Pogačar na ya Vingegaard, zilikiri kwamba waendeshaji wake huvuta gesi hiyo kidogo ili kupima jinsi damu ilivyobadilika baada ya mazoezi ya nyanda za juu. Februari 2025, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, likapiga marufuku kuivuta mara kwa mara. Jambo lililokuwa halali asubuhi likawa kosa jioni, na shabiki ana haki ya kuuliza ni mangapi mengine yako kwenye mpaka huo.

Hata hivyo, saa peke yake inadanganya zaidi ya tunavyopenda kukubali. Aliyewahi kuupanda mlima wa Corner Baridi akitokea upande wa Magadi anaelewa: siku upepo ukikusukuma mgongoni unafika juu ukijiona bingwa, na wiki inayofuata, kwa miguu ileile, upepo ukikupiga usoni, unatambaa. Plateau de Beille ya 1998 na ya 2024 ni lami ileile, lakini si mbio zilezile. Inategemea nani alivuta kasi chini ya mlima, kundi lilifika limechoka kiasi gani, na aliyevunja rekodi alikuwa na mpinzani wa kumkimbiza au alikuwa peke yake. Matairi ya leo ni mapana na hayapotezi nguvu barabarani kama yale membamba ya zamani, na nguo na helmeti zinapimwa kwenye vyumba vya upepo.

Lishe ndiyo iliyobadilika kuliko vyote. Waendeshaji wa kiwango cha juu leo hula gramu 120 za wanga kwa saa wakiwa juu ya baiskeli, sawa na vijiko 30 vya chai vya sukari, kwa saa nne au tano mfululizo. Tumbo linafunzwa kuipokea sukari hiyo kama miguu inavyofunzwa kupanda. Kizazi cha Pantani hakikula hivyo. Mtu anayefika kwenye mlima wa mwisho akiwa bado ana akiba, na mtu aliyefika amekauka, hawalinganishwi kwa saa tu.

Je, yote hayo yanatosha kufidia zaidi ya dakika tatu dhidi ya mtu aliyekuwa na EPO? Kwa maoni yangu yanaeleza sehemu kubwa, na sehemu iliyobaki ni sababu halali ya kuuliza. Saa inatosha kufungulia uchunguzi. Kumwita mtu mwizi kunahitaji zaidi ya hapo.

Sisi tunapaswa kulijua hili kuliko wengi, kwa sababu limetupata pande zote mbili. Mwendesha baiskeli Chris Froome alizaliwa Nairobi na kukuzwa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu. Katika Tour ya 2015 alisema mtazamaji alimrushia kikombe cha mkojo huku akipiga kelele kwamba anatumia pufya. Desemba 2017 ikafichuka kwamba sampuli yake ya Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ilikuwa na salbutamol, dawa ya pumu, maradufu ya kiwango kinachoruhusiwa. Julai 2018 UCI ikaifunga kesi bila kumpata na hatia. Wengi wetu tulisimama naye tukidai ushahidi, na tulikuwa sahihi kuudai.

Halafu ikaja Oktoba 2024. Mkenya Ruth Chepng'etich alishinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, akaikata rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa karibu dakika mbili. Mwanahabari alipomuuliza awaambie nini wanaoona muda huo hauaminiki, hapa nyumbani swali lile lilichukuliwa kuwa tusi kwa taifa zima. Mwaka mmoja baadaye alifungiwa miaka mitatu, baada ya sampuli ya Machi 2025 kukutwa na haidroklorothiazaidi, dawa inayoweza kuficha nyingine. Rekodi ya Chicago haikuguswa, kwa kuwa sampuli iliyomnasa ilichukuliwa miezi mitano baadaye. Swali halikuwa tusi. Nalo kosa la Machi halithibitishi lolote kuhusu Oktoba.

Kinachonikera ni kusikia shabiki yuleyule akimhukumu Mslovenia kwa saa, kisha akikasirika Mkalenjin akiulizwa kuhusu saa. Wanariadha wetu Asbel Kiprop, Jemima Sumgong na Rita Jeptoo wote walifungiwa kwa EPO, hatuna msingi wa kujifanya ugonjwa huu ni wa Ulaya. Mizani iwe moja, na kelele ziende zinakofaa: kwa UCI, kwa shirikisho la riadha la dunia, kwa wakala wetu wa kupambana na pufya, ADAK. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, zinaruhusu sampuli iliyohifadhiwa kupimwa upya ndani ya miaka 10, maana yake za Plateau de Beille na za Chicago zina nafasi hadi 2034. Zipimwe hata kama hakuna aliyelalamika, na majibu yatangazwe hata yakiwa safi, kwa sababu kwa sasa kipimo cha marudio tunakisikia pale tu mtu anaponaswa.