Shati la Wanga

Darasani mwangu kuna sheria isiyo na msamaha: hakuna mkono kugusa chupa ya kemikali kabla mlinganyo wake haujasawazishwa ubaoni. Niliitunga mwenyewe, nikaibandika mlangoni mwa maabara kwa herufi kubwa.

Siku hiyo tulikuwa kwenye halojeni. Klorini ina nguvu kuliko bromini, bromini kuliko iodini. Aliye juu kwenye kundi humng'oa aliye chini kutoka kwenye chumvi yake. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza kijana mmoja wa mbele alipoitwa ubaoni kuandika klorini na potasiamu iodidi:

Cl₂ + KI → KCl₂ + I

"Hii KCl₂ umeitoa wapi?"

"Mwalimu, klorini wamekuja wawili. Tutawatenganishaje?"

Darasa zima likawaonea huruma. Nikaeleza kwamba namba ndogo ya chini haiguswi, maana ukiigusa umeshatengeneza kitu kingine. Potasiamu hutoa elektroni moja, klorini hupokea moja, basi ni mmoja kwa mmoja. Na iodini ikishang'olewa haikai peke yake, nayo hutafuta mwenzake. Ruhusa ni kuongeza namba ya mbele tu. Akafuta kwa kiganja, akaandika shingo upande:

Cl₂ + 2KI → 2KCl + I₂

Nikamimina maji ya klorini kwenye myeyusho wa iodidi, ambao hauna rangi hata kidogo. Papo hapo ukawa kahawia. Darasa likashangilia. Mmoja akashangilia kwa viwiko, na bilauri ikanijia kifuani.

Sasa, shati langu lilikuwa jeupe. Tena nililipiga pasi kwa wanga, wanga wa kutosha kulisimamisha bila mtu ndani, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanakuja. Iodini na wanga havihitaji kutambulishwa: kuanzia ukosi hadi mfukoni nikawa bluu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi.

"Matokeo," akasema mmoja huku akiandika daftarini, "mwalimu ana wanga."

Dawa yake naijua, sodiamu thiosalfeti, hugeuza iodini kuwa iodidi na rangi yote ikapotea. Imo kabatini. Na pembeni ya kabati alikaa nani? Yule yule wa KCl₂.

"Nipe chupa hiyo, haraka."

"Mlinganyo, mwalimu." Akanyoosha kidole mlangoni.

Nikaenda ubaoni nikichuruzika:

I₂ + 2Na₂S₂O₃ → 2NaI + Na₂S₄O₆

Akahesabu kwa vidole, bila pupa. Sodiamu nne, nne. Salfa nne, nne. Oksijeni akazirudia, sita, sita. Nje nikasikia sauti ya mkuu wa shule akiwaelekeza wageni.

"Zimekaa sawa?"

"Zimekaa. Ila kushoto salfa ilikuwa na 2 ya chini, kulia umeweka 4. Si ulisema haiguswi?"

Jibu lipo, na ni zuri: ioni mbili za thiosalfeti hutoa elektroni moja moja, kisha huungana kuwa ioni mpya, tetrathioneti. Hicho ni kitu kingine kweli, hakikuandikwa ili hesabu itimie. Lakini ni jibu la mtu mwenye muda na shati kavu. Mlango ulishafunguka.

"Kwa hiyo, mwalimu," akaendelea kijana, chupa ikiwa bado kabatini, "KCl₂ yangu ilikuwa na kosa gani?"

Mkaguzi akanitazama kifuani, akautazama ubao, akavuta kiti cha nyuma na kutoa kalamu.

"Mjibu, mwalimu. Hata mimi nasikiliza."