Kaboni Isiyoshika Haitusaidii

Juzi pale Industrial Area, Nairobi, nilikabidhiwa bushi ya pampu, ile pete ambamo shafti huzunguka, iliyolika kabla ya wakati wake. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni plastiki yenye nyuzi za kaboni, kwa hivyo hailiki. Fundi akanionyesha shafti: mikwaruzo imeizunguka, ukipitisha ukucha unanasa. Kilichoniuma ni kwamba kaboni ilikuwemo kweli. Chini ya darubini nyuzi zilichomoza tupu, hazina hata chembe ya plastiki, na kando yake vijishimo vya zile zilizong'oka.

Uzi wa kaboni una kipenyo cha mikroni 5 hadi 7 hivi, uso wake ni laini na hauelekei kuungana na kitu. Ukiuchanganya na nailoni au PEEK, plastiki inayostahimili joto kali, bila kuuandaa, plastiki inauzunguka tu, haiushiki. Msuguano ukianza, uzi unabanduka, unavunjika, na vipande vinabaki kati ya bushi na shafti vikisaga pande zote mbili kama mchanga.

Na dawa ipo, tena ya miaka mingi! Viwandani nyuzi hupitishwa kwenye maji yenye chumvi ya amonia huku zikitiwa umeme, uso ukapata oksijeni na plastiki ikapata pa kushika. Maabara nyingi hutumia asidi ya naitriki au plazma. Asidi ikizidi, sawa, inakula uzi wenyewe na kuupunguzia nguvu. Kwa hiyo kipimo ni muhimu. Halafu kuna ule utando mwembamba unaopakwa mwishoni. Mara nyingi umetengenezewa epoksi, plastiki ya aina nyingine, ilhali PEEK huyeyuka kwenye digrii 343 za selisiasi, joto ambalo utando huo hauhimili.

Sasa mbona zabuni ninazosoma zinaandika "asilimia 30 ya nyuzi za kaboni" na kuishia hapo? Asilimia haisemi kama nyuzi zimeshika. Tuulize uso uliandaliwaje, utando ni wa plastiki gani, na bushi ililika kiasi gani ikisuguliwa kwenye chuma, kwa mzigo na kasi ipi. Bei itapanda, najua. Shafti mpya nayo ina bei, na pampu iliyosimama pia.

Mashine ya kupima kulika, pini ikikandamizwa kwenye diski inayozunguka, mafundi wa Kariobangi wanaweza kuiunda. Wanafunzi wa uhandisi wa JKUAT na Chuo Kikuu cha Nairobi wapewe bushi zinazouzwa Kirinyaga Road wazipime, na matokeo yabandikwe mahali wanunuzi watayaona.